"Garissa kuna bendi?": Historia iliyofichwa na neno moja

Ukimwambia Mkenya wa bara kwamba bendi unayoipenda kuliko zote inatoka Garissa, atacheka kwanza, halafu atakuuliza: "Garissa kuna bendi?" Nimeulizwa swali hilo Nairobi, nimeulizwa Nakuru, na nimeulizwa na walimu wenzangu wa Kiswahili waliofunza Garissa miaka mingi. Anayeuliza hana ubaya. Ni kwamba akilini mwake neno "bendi" lina picha yake: magitaa, tarumbeta, spika kubwa na wanaume watano sita waliovaa sare. Picha hiyo ina historia. Tuifuate basi, kwa sababu ndiyo iliyofanya muziki wa Kaskazini Mashariki ukose kuhesabiwa tunapotaja muziki wa Kenya.

Tuanze na neno lenyewe. Kabla ya kuwa "bendi" lilikuwa "beni". Katika miaka ya 1890 vijana wa pwani ya Kenya walitazama vikosi vya tarumbeta vya Waingereza, wakaunda ngoma yao wenyewe yenye gwaride, vyeo na mashindano kati ya mtaa na mtaa. Wakaiita beni. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, askari na wapagazi waliibeba hadi Tanganyika na kwingineko. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuihusu, kilichotoka 1975. Baada ya beni likaja "dansi", na pamoja nalo "bendi" kama tunavyoijua leo. Yaani neno hili lilisafiri kwa njia ya reli, kambi, bandari na miji mikubwa.

Sasa tazama ramani. Reli haikufika Garissa, wala Wajir, wala Mandera. Zaidi ya hapo, mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliifunga wilaya nzima ya mpaka wa kaskazini, ile NFD, na mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Uhuru ulipokuja, mlango haukufunguka. Desemba 1963 hali ya hatari ilitangazwa, vita vya shifta vikaendelea hadi 1967, na sheria za dharura hazikuondolewa mpaka 1991. Hesabu mwenyewe: miaka 65 ya vibali, vizuizi na amri. Mpaka leo utamsikia mzee wa Garissa anayevuka daraja la Tana kuelekea Nairobi akisema, "Naenda Kenya." Wengine husikia utani. Mimi husikia historia.

Katika hali hiyo, bendi ya Kisumu au Mombasa ingepandaje lori tu kwenda kutumbuiza Garissa? Na wanamuziki wa Garissa wangefikaje studio za Nairobi? Watu walisikiliza redio. BBC ilianzisha matangazo ya Kisomali 1957, na Redio Mogadishu ikawaletea sauti za waimbaji wakubwa wa Somalia. Baadaye zikaja kanda. Kwa hiyo Garissa ilijua muziki wa bendi, tena vizuri sana, ila masikio yake yalielekea mashariki huku sisi wengine tukielekea magharibi.

Muziki huo wa redio nao una kisa ambacho mpenzi wa lugha hapaswi kukikosa. Katika miaka ya 1940 dereva mmoja wa lori, Abdi Sinimo, alianza kutunga nyimbo fupi za mapenzi zilizoitwa "balwo". Neno hilo lina asili ya Kiarabu na maana yake ni msiba au taabu. Ni ndugu wa "balaa" letu la Kiswahili! Kutoka kwa balwo ulikua mtindo wa "heello", ulioimbwa kwa udi, chombo ambacho Wasomali hukiita "kaban".

Lakini kabla ya redio na kabla ya lori kulikuwa na muziki mwingine, nao haukuhitaji kibali cha bwana DC. Ni wa wanawake. Wasomali wana utanzu uitwao "buraanbur", ushairi wa wanawake unaoimbwa arusini na katika mikusanyiko mingine, kwa makofi na ngoma. Ulaya matamasha ya muziki hungoja majira ya joto ili watu waweze kukaa nje. Kwa wafugaji wa Kaskazini Mashariki, msimu wa kucheza na kuimba umefuata mvua. Mvua kubwa ya "gu" ikinyesha kuanzia mwezi wa nne, malisho huota, maziwa huwa tele, watu hukaribiana na arusi huandaliwa. Wakati wa "jilaal", kiangazi kikali cha mwanzo wa mwaka, nani ana nguvu ya kucheza?

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza darasani, "Mwalimu, buraanbur ni wimbo ama ni shairi?" Swali zuri sana. Vitabu vyetu vya fasihi simulizi hupenda kutenganisha viwili hivyo, kila kimoja na sura yake. Nilimjibu kwamba hata utenzi wa Kiswahili ulighaniwa kabla ya kuchapishwa, na anayeusoma kimya leo amepokea nusu tu. Kisha nikawaonyesha tofauti iliyowafurahisha. Shairi la Kiswahili hufungwa kwa vina, na vina huja mwishoni mwa kipande. Shairi la Kisomali hufungwa mwanzoni mwa neno: mtunzi huchagua sauti moja, tuseme "d" au "g", na kila mshororo lazima uwe na neno linaloanza kwa sauti hiyo, toka mwanzo hadi mwisho. Ni takriri ya konsonanti iliyogeuzwa sheria. Kumbuka kwamba Kisomali kilipata hati yake rasmi mwaka 1972 tu. Kabla ya hapo, sauti hiyo moja inayorudi ndiyo iliyosaidia kumbukumbu kushika mamia ya mishororo.

Hayo yote nilikuwa nayajua kwa kusoma. Siku nilipowatazama Gargar jukwaani Nairobi ndipo niliyasikia. Gargar ni kundi la wanawake wa Kisomali kutoka Garissa, na kwa Kisomali "gargaar" ni msaada. Studio ya Ketebul Music ya Nairobi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitafuta muziki wa asili nchini, iliwarekodi na kutoa albamu yao, *Garissa Express*. Kanda ilikuwa imenipa nyimbo. Jukwaa lilinipa kazi yenyewe. Kiongozi anatupa mshororo, wenzake wanaudaka; makofi yanajibu ngoma; na ile sauti moja ya mwanzo wa maneno inarudi na kurudi kama mpigo wa pili wa ngoma. Nyuma yangu akina mama waliotoka Eastleigh walikuwa wakijibu kila kiitikio, wakipiga makofi kwa mpangilio uleule. We! Hapo mpaka kati ya bendi na watazamaji haukuonekana. Nilielewa kwa nini makofi hayawezi kuitwa pambo: wakinyamaza watazamaji, chombo kimoja kimepotea.

Wapo watakaosema hayo ni starehe tu. Hebu tutazame majirani. Vita vya Somalia vilipolipuka 1991, watu walikimbilia kambi za Dadaab, katika Garissa hiihii, na kufikia 2011 kambi hizo zilikuwa na watu zaidi ya laki nne. Aprili 2010 kundi la Hizbul Islam liliamuru redio za Mogadishu ziache kupiga muziki, na nyingi zikatii. Upande wa Kenya, vijana wa kundi la Waayaha Cusub, lililozaliwa Eastleigh 2004, waliendelea kuimba licha ya vitisho, na mwaka 2013 wakaenda Mogadishu kushiriki tamasha la muziki wa amani. Katika mazingira kama hayo, mwanamke anayepanda jukwaani na kuimba kwa sauti yake anashikilia kitu ambacho wenye bunduki wamejaribu kukizima. Tena Garissa, mji ambao wengi huutaja wakikumbuka tu Aprili 2015 na wale 148 waliouawa katika chuo kikuu, una haki ya kukumbukwa kwa sauti pia.

Basi lugha ifanye nini? Kwanza, tukumbuke neno tulilokuwa nalo kabla ya beni. "Ngoma" kwa Kiswahili ni chombo, ni wimbo, ni mchezo na ni hafla yenyewe. Mwimbaji, mpiga makofi na mtazamaji wote wamo ndani yake. Kwa kipimo cha ngoma, Garissa haijawahi kukosa. Ni kipimo cha bendi pekee kilichoipa sifuri. Pili, neno "tamasha" tulilopata kutoka Kiajemi asili yake ni kutazama. Kila mwezi wa nane, katika fainali za tamasha la muziki la Kenya lililoanza 1927, shule za Kaskazini Mashariki huleta nyimbo na michezo ya Kisomali. Sisi walimu wa Kiswahili tukiwa pale tusiishie kusifu mavazi. Tuulize wanasema nini, sauti gani inarudi, nani alitunga. Kisha tuzirudishe nyimbo hizo darasani kama mifano ya fasihi simulizi, bega kwa bega na nyimbo za jamii nyingine tulizozoea kunukuu.

Na mtu akikuuliza kama Garissa kuna bendi, mjibu kwamba ipo, na kama ana masikio mazuri, mwambie pia kwamba kabla ya bendi kulikuwa na ngoma.