Somo la Leo: Wachoraji na Mwanga wa Jua



Zamani wachoraji wengi wa Ulaya walimalizia picha za mashamba na bahari ndani ya nyumba. Rangi zilitiwa katika vibofu vya nguruwe, navyo vilipasuka upesi. Mwaka 1841 Mmarekani John Rand alibuni kibomba cha bati chenye kifuniko. Basi rangi ikachukuliwa hadi shambani.

Mwaka 1872 Mfaransa Claude Monet alichora jua likichomoza bandarini Le Havre. Ilipoonyeshwa Paris mwaka 1874, mwandishi mmoja wa gazeti aliidhihaki. Monet hakukoma. Mwaka 1890 na 1891 alichora malundo ya ngano mara 25 hivi, asubuhi, jioni, hata penye theluji. Kilichobadilika hasa ni mwanga.

Swali: Je, ukuta wa nyumba yako una rangi ile ile asubuhi na jioni? Tazama, kisha uandike. Kwaherini.