Jasho la Saa za Kazi

Jimu ya kazini inaonekana kama kitu cha juzi: ghorofa ya vioo Upper Hill, tredmili zinazotazama barabara, na barua pepe kutoka idara ya wafanyakazi ikikualika uje utunze afya yako. Kumbe hii stori ina zaidi ya miaka 120. Na haikuanza na mdosi aliyependa sana miili ya watu wake. Ilianza na mali iliyoharibika.

Mwaka wa 1894, huko Dayton, Ohio, John H. Patterson alikuwa na miaka kumi akiendesha National Cash Register, kampuni iliyotengeneza mashine za kuhesabia pesa madukani. Mzigo wa mashine wa dola 50,000 ukarudishwa kutoka Uingereza kwa ubovu. Patterson akahamisha meza yake kutoka ofisini, akaiweka katikati ya kiwanda ili ajionee. Inasimuliwa kwamba siku moja alimkuta mwanamke akipasha kitu moto, akadhani ni gundi. Ilikuwa kahawa, na ndiyo iliyokuwa chakula chake cha mchana.

Basi akaleta chakula cha moto, bafu, madirisha makubwa na vipindi vifupi vya mazoezi asubuhi na alasiri. Wakubwa wa kampuni walitakiwa kupanda farasi pamoja naye kabla jua halijachomoza. Miaka kumi hivi baadaye, kampuni ikawa na jimu yake. Ukimwuliza Patterson kwa nini anamwaga pesa hivyo, jibu lake lilikuwa fupi: inalipa.

Sasa tazama kilichotokea mwaka huohuo wa 1894 karibu na Chicago. George Pullman, aliyetengeneza mabehewa ya treni, alikuwa amewajengea wafanyakazi mji mzima: nyumba, maktaba, ukumbi wa maonyesho, hata uwanja wa michezo. Uchumi ulipoanguka, akakata mishahara lakini kodi ya nyumba akaiacha palepale. Watu wakagoma, mgomo ukasambaa kwenye reli za Marekani, serikali ikatuma wanajeshi. Uwanja wa michezo ulikuwepo, unga haukuwepo. Patterson naye hakupona: mwaka wa 1901 alivutana na vyama vya wafanyakazi hadi kiwanda kikafungwa na zaidi ya watu 2,000 wakabaki nje, pamoja na bafu zake zote na mazoezi yake.

Kama Patterson aliogopa mashine mbovu, wengine waliogopa maiti. Mwaka wa 1925 kampuni ya bima ya Metropolitan Life ilianza kurusha mazoezi ya asubuhi redioni Marekani. Mteja wa bima ya maisha akifa mapema, kampuni inalipa mapema. Hesabu ni hiyo tu. Wajapani wakaliona wazo hilo, na mwaka wa 1928 idara ya bima ya posta ikaanzisha mazoezi ya redio yao, rajio taiso. Baada ya vita yakasimamishwa chini ya utawala wa Wamarekani, yakarudi mwaka wa 1951. Mpaka leo kuna viwanda na mijengo Japani ambako watu hunyoosha mikono pamoja kabla ya kushika kazi. Hakuna tredmili wala kadi ya mlangoni: ni muziki na nafasi ya kusimama tu.

Jimu ya ofisini tunayoijua leo ilipata nguvu baadaye, waajiri wa Marekani walipoona gharama za matibabu ya wafanyakazi zikipanda. Mwaka wa 1979 Johnson & Johnson ilianzisha mpango ulioitwa Live for Life. Mfanyakazi alijaza maswali kuhusu afya yake, akapimwa, kisha akapewa mazoezi na masomo ya kuacha sigara au kupunguza uzito. Hapo mwajiri hakuwa tena na uwanja peke yake. Sasa alikuwa na karatasi kuhusu moyo wako.

Kwetu Kenya, kampuni zilipenda timu. Kenya Breweries ilikuwa na mpira wake Ruaraka, timu tunayoiita Tusker siku hizi. Kenya Pipeline na KCB zinavuma kwenye voliboli ya wanawake. Wachache walicheza, wengine tukashangilia. Jimu imekuja na ahadi tofauti, ati kila mtu ni mchezaji. Lakini hebu uliza inafunguliwa saa ngapi. Kama ni baada ya saa kumi na moja jioni, mtu wa Rongai anayeoga na kutoka saa moja usiku atafika kwake saa ngapi, na matatu zimekwama Lang'ata Road? Jimu hiyo ni ya mwenye gari. Na soja wa mlangoni, na mama anayepiga deki hizo sakafu za mpira, ambao mara nyingi wameandikwa na kampuni nyingine: kadi zao zinafungua mlango, au wao wanaingia kusafisha tu?

Halafu kuna zile karatasi. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka habari za afya kati ya data nyeti. Presha yako ikipimwa jimu, haifai kutembea hadi kwa anayeamua nani apandishwe cheo.

Sidai jimu ya kazini ni mtego. Mgongo unaokaa kwenye kiti saa nane unahitaji kunyooshwa, hata kama anayelipia ana hesabu zake. Ila Patterson, pamoja na ubabe wake wote, alifanya jambo moja ambalo wadosi wengi wa leo wanalikwepa: mazoezi ya watu wake aliyaweka ndani ya saa za kazi. Kama kweli inalipa, basi dakika hizo na zilipwe.