Mwalimu na parseli yake: mshahara usioandikwa popote



Jumapili moja jioni mtoto wangu wa miaka minne aliangalia sahani, kiisha akaniangalia mimi. "Papa, lengalenga tena?" Mama yake akacheka. Mimi sikucheka sana, ju hesabu ilikuwa tayari kichwani: siku ya nne ya lengalenga, wazazi wa shule yetu hawajamaliza kulipa ya mwezi uliopita, na beseni la unga linaonyesha chini yake.

Kwa wasionijua: nina lisansi ya agronomia, nilisoma Butembo, na sasa nafundisha biolojia na kilimo katika sekondari moja huku kwetu Mabalako, upande wa Mangina, kilomita kama 30 kutoka mji wa Beni. Mimi ni mmoja wa wale wanaoitwa N.U., walimu ambao serikali haijawaingiza kwenye listi ya malipo. Nakula kwa kile wazazi wanachotoa na kwa kile parseli inachotoa. Saa kumi na moja asubuhi niko kwenye matuta, saa moja na nusu niko mbele ya darasa na chaki. Wanafunzi wamezoea kuona udongo kwenye viatu vyangu.

Ile jioni mama mtoto aliuliza, bila ubaya: "Lakini walimu wa zamani, bo walikuwa wanakula nini?" Nilitaka kujibu palepale, kwa sababu baba yangu alifundisha shule ya msingi maisha yake yote. Nikakuta sijui. Nilikula kwenye sahani yake miaka yote ya utoto na sikuuliza hata siku moja chakula kilitoka wapi. Basi nikaenda kumuuliza.

Baba alianza kufundisha 1984. Anasema miaka ile ya kwanza mshahara ulikuwa mdogo lakini ulikuwa mshahara: ulinunua makayabo, sabuni, kaniki ya mama. Ubaya ulikuja na miaka ya 1990. Wakubwa wetu wanakumbuka namna pesa ya zaire ilivyoanguka mpaka Oktoba 1993 serikali ikaleta zaire mpya, na moja mpya ikabadilishwa kwa milioni 3 za zamani. Milioni tatu! Baba alieleza kwa neno moja tu: "Mshahara ulikuwa unafika maiti." Ulitoka Kinshasa ukiwa na uzima kidogo, ukachelewa njiani, na siku ya kuupokea haukuweza kununua hata kilo ya chumvi.

Walimu waligoma nchi nzima. Shule zisife, Kanisa Katoliki na chama cha wazazi wakakubaliana mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990 kwamba wazazi wenyewe watamwongezea mwalimu kitu. Ilisemwa ni kwa muda. Ule muda umepita miaka thelathini, na sisi wa sekondari tungali ndani yake. Tangu hapo mwalimu alikuwa na wakubwa wawili wa kumlipa: serikali isiyolipa, na mzazi anayelipa akiisha kuuza kahawa.

Hapa ndipo elimu yangu ilinisaidia kuona kitu ambacho baba hakukiunganisha. Kahawa ya huku kwetu ilikuwa robusta, na katika miaka hiyohiyo ilikuwa inakufa. Ugonjwa wenyewe tuliusoma: kuvu anayeitwa Fusarium xylarioides anaingia kwenye mti, anaziba mishipa ya kupandisha maji, majani yanalegea kama mti una kiu hata mvua ikinyesha, na kiisha mti wote unakauka umesimama. Hakuna dawa ya kuuponya. Unang'oa na unachoma. Ulitoka kaskazini, upande wa Isiro, ukateremka mpaka Beni, na mwaka 1993 ulionekana Uganda. Mashamba makubwa kwa madogo yaliisha. Angalia tarehe hizo pamoja. Mzazi alipewa mzigo wa kumlipa mwalimu wakati uleule mti uliokuwa unamlipa yeye unakauka. Walikuwa wanasema shauri ya "artikli 15", jitafutie mwenyewe, na watu walicheka. Lakini kujitafutia kunataka mahali pa kutafuta.

"Sasa mlikula nini?" nikamrudishia swali.

Baba akanyamaza kidogo. Akasema: shamba. Nikamuuliza shamba gani, kwa kuwa yeye alikuwa darasani mpaka saa saba na mchana anasahihisha madaftari. Mama, aliyekuwa anachambua maharagi pembeni, akajibu kwa niaba yake bila kuinua kichwa: "Baba yako alikuwa anafundisha. Miye nilikuwa namulipa."

Nimeiandika kama alivyoisema.

Alikuwa na parseli nyuma ya nyumba, na shamba lingine la mihogo na ndizi mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu. Alilima, alivuna, alikausha mihogo, alisaga, alitwanga sombe, alipika, na zilizobaki alipeleka sokoni ili baba apate shati safi ya kwenda shuleni. Watu walisema "nyumba ya mwalimu" kwa heshima. Katika listi ya serikali kulikuwa na jina moja tu, na hata hilo halikulipwa.

Kulikuwa na mikono mingine pia. Ijumaa, baba alisema, wanafunzi wa darasa la tano na la sita walikuwa wanakwenda kulima kwa walimu kwa zamu. Wiki hii kwa mwalimu huyu, wiki ijayo kwa direkta. Hakusema kwa haya, ju ilikuwa ndani ya ratiba ya masomo: "kazi ya mikono."

Nilirudi nyumbani na hilo neno la ratiba likinisumbua, nikaanza kulifuata nyuma. Shule za wakati wa Wabelgiji ziliachiwa mamisioni. Huku kwetu Mapadri wa Asunsio walifika 1929. Mwaka huohuo ndipo serikali ya koloni ilipochapa mpango wake wa shule za mamisioni, na ndani yake kilimo na kazi za mikono vilikuwa na nafasi kubwa katika shule za kijijini. Mtoto wa shamba alitakiwa ajue kusoma kidogo na kulima vizuri. Na tusisahau kwamba tangu dekreti ya 1917 wazazi wa mtoto huyo walikuwa tayari wanalazimishwa kulima mazao ya serikali, mpaka siku 60 kwa mwaka. Akaja Mobutu, akachukua shule kwa makanisa 1974, akayarudishia kuziendesha kwa mkataba wa 1977, na pia akaleta Salongo, kazi ya pamoja ya lazima. Kwa hiyo wakati mishahara ilipokufa, jembe mkononi mwa mwanafunzi halikuwa kitu kigeni. Lilikuwa na mstari wake kwenye ratiba tangu zamani za babu. Mavuno tu ndiyo yalibadilisha nyumba ya kwenda.

Simshtaki baba. Kama si ile mihogo, mimi nisingekuwa na lisansi. Lakini tukisema mwalimu wa Kongo "alijitoa", tuseme pia nani alitolewa pamoja naye.

Yaliyofuata nimeyaona kwa macho. Oktoba 2014 mauaji yalianza upande wa Beni, na tangu hapo mashamba ya mbali yamekuwa swali la kila asubuhi: twende au tusiende? Shamba la mama la saa moja na nusu limerudi kuwa pori. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ikatangazwa, na mahali pa kwanza kutajwa ni hapahapa Mangina. Mpaka ilipotangazwa kwisha, 25 Juni 2020, walihesabiwa wagonjwa 3,470 na waliokufa 2,287. Nilikuwa mwanafunzi Butembo. Nikipiga simu nyumbani nilikuwa nasikia kwanza ndoo ya maji ya klori, kiisha habari za nani amepelekwa. Mama aliogopa msongamano wa soko, akapanda parseli yote mpaka kwenye ukingo wa choo. Nyumba tatu zilikula pale. Katikati ya hayo, Septemba 2019, serikali ikaanza kutekeleza ile elimu ya msingi ya bure iliyoandikwa katika Katiba ya 2006. Kwa mzazi wa mtoto mdogo ni jambo kubwa, nalikubali. Kwa mwalimu wa sekondari asiye kwenye listi hakuna kilichobadilika. Mzazi analipa akiuza kakao siku hizi, na mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani, lakini kakao iliyo kwenye shamba usiloweza kulifikia haina bei.

Ndiyo maana nachoka nikisikia wakubwa wakituambia kwenye mikutano: "Nyinyi maenjinia, limeni, muache kulia." Tupige hesabu kidogo, tumelipia masomo. Parseli yangu ni mita 20 kwa 15, yaani mita za mraba 300. Nikijaza mihogo tu, na tukadirie tani 8 kwa hekta bila mbolea, nitapata kilo 240 mbichi. Ikikauka inabaki kama theluthi, kilo 80. Nyumba ya watu sita inayokula kilo 2 za unga kwa siku itazimaliza kwa siku 40. Na huo muhogo umekaa ardhini mwaka mzima. Kwa hiyo parseli haiwezi kutoa bugali. Inaweza kutoa mboga: lengalenga unaikata wiki tatu au nne baada ya kupanda, matembele hayaishi, sombe, bilinganya, nyanya ukiiangalia vizuri. Parseli ni mchuzi. Bugali lazima itoke kwenye mshahara au kwenye shamba, na vyote viwili vimekatika.

Tena kuna kalenda. Mvua kubwa ya huku inashika kuanzia Agosti mpaka Novemba. Maharagi ya msimu wa kwanza yanataka ardhi katikati ya Septemba. Ndio wakati shule inafunguliwa, wanafunzi wanaandikishwa, maandalio ya masomo yanadaiwa. Kila mwaka naanguka katikati ya hivyo viwili.

Septemba iliyopita nilianguka vibaya. Mke wangu alikuwa amejifungua wiki mbili kabla, magugu yamefika magotini, mvua imeshanyesha mara tatu. Mkubwa mmoja kazini akanipa shauri kwa wema kabisa: "Mwalimu, si uko na wanafunzi wa kilimo? Wapeleke kwako, uandike prakitiki." Nitasema ukweli: nilipenda. Wanafunzi 30, saa mbili, kazi imekwisha. Na isingekuwa uongo wote, ju kweli wangejifunza nafasi kati ya mashimo na namna ya kufunika mbegu. Niliandika hata kichwa cha somo.

Jioni nikamwambia mama mtoto. Alikuwa ananyonyesha. Akasema, "Sawa. Na maharagi watakula bo?"

Sikupata jibu. Asubuhi niliwapeleka kwenye kipande cha uwanja wa shule kilichokuwa kimejaa majani, tukalima hapo. Desemba waligawana mavuno, kila mmoja makopo mawili hivi, si nyingi, na binti mmoja aliniambia mama yake alifikiri ameiba.

Kwangu nililima peke yangu, kidogokidogo, alfajiri na jioni. Nilipanda karibu wiki tatu nyuma ya wenzangu. Mvua ilipokatika maganda yangu yalikuwa bado yanajaza, mengi yakabaki mepesi. Nilivuna beseni moja na nusu mahali ambapo mwaka wa nyuma nilivuna matatu. Kufikia Februari tulikuwa tunanunua maharagi sokoni kama kila mtu, na ndipo lengalenga ikawa siku nne mfululizo.

Tulibadilisha mambo mengine pia. Siku za Jumatano na Jumamosi yeye anakwenda kuuza sokoni na franga zinabaki mkononi mwake, mimi napika. Sombe natwanga mwenyewe. Jirani yetu mmoja, muzee wa watu, alisimama kwenye uzio akaangalia mchi unavyopanda na kushuka, akauliza: "Enjinia, bibi anagonjwa?" Nikamwambia hapana, ameenda soko. Akaondoka akitikisa kichwa. Baba aliposikia alicheka mpaka akakohoa, kiisha akasema kwamba yeye hakuwahi kushika ule mchi hata mara moja. Mama hakusema kitu.

Juzi nilipita tena ofisini kuangalia kama jina langu limeingia kwenye listi. Karatasi zilikuwa zimebandikwa ukutani, nikapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka mwisho, nikarudia. Halikuwemo. Nikiwa narudi nilisimama sokoni nikanunua mbegu za vitunguu na nusu kilo ya ndagala, kwa sababu mtoto aliniomba kitu kisicho kijani.