Jina la Kupewa na Jina la Kujipa: Mfano wa Kikima, Mbooni

Kikima ni mji mdogo katika milima ya Mbooni, ambayo leo imo katika Kaunti ya Makueni. Wanahistoria huitaja Mbooni kuwa kitovu ambacho Wakamba walitoka na kuenea Ukambani. Kwa sababu hiyo ni mahali pafaapo kuchunguzia swali lifuatalo: mtu ajichaguliapo jina la kutumia katika intaneti, je, huwa ameivunja desturi ya majina, au ameiendeleza kwa njia nyingine?

Kwa desturi ya Wakamba jina hutolewa; mwenyewe hajichagulii. Mtoto huweza kuitwa kwa jina la babu au bibi, au kwa tukio la kuzaliwa kwake. Mutuku ni wa usiku, Kioko ni wa asubuhi. Wambua na Syombua ni wa mvua. Kyalo hutaja safari, Muthama kuhama, na Musyoka kurejea. Jina la namna hii ni ushahidi. Alisikiaye huweza kuuliza ni safari ipi, au ni nani aliyerejea, na mzazi yupo wa kumjibu.

Baadaye walikuja watoaji wengine. Misheni ya Africa Inland ilifungua kituo chake cha kwanza huko Nzaui mwaka 1895, na ubatizo ukaleta majina ya Biblia. Hayo nayo yalifinyangwa na ulimi wa wenyeji: Marko akawa Maliko, kwa kuwa Kikamba hakina sauti ya r. Kisha ikaja sheria ya kipande ya 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Karani ndiye aliyeandika, na maandishi ya ofisi yakaziacha alama za irabu ĩ na ũ, ingawa Kikamba kina irabu saba.

Jina la kujipa nalo si geni katika Afrika Mashariki. Mshairi Amiri Sudi Andanenga alijulikana kwa lakabu ya Sauti ya Kiza. Waruhiu Itote, aliyekamatwa mwaka 1954 katika vita vya Mau Mau, aliitwa Jenerali China. Lakabu ya mshairi ilimtangaza mwenyewe. Ile ya mpiganaji ilifaa pia kumsitiri. Kazi hizi mbili, kutangaza na kusitiri, ndizo zinazotimizwa na majina ya intaneti.

Hata hivyo mtambo una masharti yake. Kwa kawaida haukubali watumiaji wawili wa jina moja, wala nafasi kati ya maneno. Katika darasa moja la Kikima akina Mutua watatu hutofautishwa kwa jina la baba au la kijiji. Katika mtambo, aliyetangulia hulichukua jina, na anayefuata huongeza tarakimu. Mara nyingi tarakimu hizo ni mwaka wa kuzaliwa. Hapa desturi imerudi kwa mlango wa nyuma, kwani wakati wa kuzaliwa umeingia tena katika jina. Lakini 1992 husema lini tu. Haisemi kama mvua ilinyesha.

Jina la serikali nalo halikuondoka. M-Pesa ilianza mwaka 1007 + 1000, yaani 2007, na usajili wa laini za simu ukafuata mwaka 2010. Ujumbe wa kuthibitisha fedha hutaja jina lililosajiliwa. Hivyo simu moja hubeba majina mawili: alilojipa mtu, na lile analolipwa nalo.

Hapana shaka kwamba jina la kujipa lina faida. Kijana au mwanamke huweza kusema neno ambalo ukoo wake usingemruhusu kulisema hadharani. Lakini jina lisilo na mtoaji halina shahidi: likitumiwa kutukana, hakuna mzee wa kuulizwa. Basi kilichobadilika si maana ya majina, kwa kuwa vijiji, mvua na mababu bado vimo ndani yake. Kilichopungua ni yule aliyekuwepo siku jina lilipotolewa, awezaye kueleza sababu yake. Wazee hao wangali wako Mbooni, na maelezo yao yafaa kuandikwa wakiwa hai, kwa irabu zote saba.