Miti ya Laertes, Miembe ya Katumba

Katika Odyssey, utenzi wa Kigiriki unaohesabiwa kuwa wa Homer, mgeni hulishwa kwanza na maswali huja baadaye. Akishanawa na kushiba, ndipo mwenyeji anauliza: wewe ni nani, kwenu wapi, wazazi wako ni akina nani? Odysseus anaulizwa hivyo karibu kila anakotupwa na bahari. Mara nyingi anadanganya.

Wengi tunamjua kwa farasi wa mbao, hila iliyoingiza askari ndani ya Troy baada ya vita vya miaka 10. Lakini utenzi huu unahusu miaka 10 iliyofuata, ya kurudi kwao Ithaca, na humo anapoteza merikebu zote na wenzake wote. Silaha inayombakia ni jina lake na uwezo wa kulificha. Ndani ya pango la Polyphemus, jitu la jicho moja, anasema anaitwa Outis, yaani Hakuna Mtu. Usiku analitoboa jicho, na jitu linawapigia kelele majirani: "Hakuna Mtu ananiua!" Majirani wanarudi kulala. Akishatoroka na kufika majini, Odysseus anashindwa kujizuia, anapaza sauti na kutaja jina lake halisi. Sasa Polyphemus ana mtu wa kumlaani, na baba yake ni Poseidon, mungu wa bahari. Ukweli ule mmoja unamgharimu Odysseus miaka.

Waliokuja baadaye hawakumpenda sana. Warumi waliamini wametokana na Aeneas, mkimbizi wa Troy, kwa hiyo kwa Virgil Odysseus ni mwongo katili. Dante, karne nyingi baadaye, alimtia motoni pamoja na washauri wa hila. Mimi nilimsomea Mpanda, nikiwa mjukuu wa mtu wa Katumba, na hila zake hazikunishangaza. Nilikuwa nimeziona nyumbani.

Katumba iko wilaya ya Nsimbo, karibu na mji wa Mpanda. Mwaka 1972 jeshi la Burundi liliua Wahutu kwa wingi, hasa waliosoma, na maelfu kwa maelfu wakavuka kuja Tanzania. Serikali ikafungua makazi ya Ulyankulu mwaka 1972, Katumba 1973 na Mishamo 1978. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa majembe na msitu wa miombo, wakaugeuza mashamba ya mahindi, maharage na muhogo.

Si wote walioishi kwenye makazi. Miaka ya 1985 na 1986 mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti Mishamo na katika mji wa Kigoma, akauchapisha kama kitabu mwaka 1995. Mishamo aliwakuta watu wakijitaja wazi kuwa Wahutu walio uhamishoni, wakiisimulia historia yao na kuishikilia. Kigoma mjini aliwakuta wenzao, waliotoka nchi ileile, wakiazima utambulisho wa mji na kuubadilisha kadiri hali ilivyodai. Nilipofika hapo nilimkumbuka Hakuna Mtu.

Babu yangu aliishi Katumba kwa namna ya Kigoma. Alikuwa na majibu matatu. Ndani ya nyumba alikuwa Mrundi, na alikitaja kilima chao kwa jina. Ofisini hakusema kitu, alitoa karatasi. Sokoni Mpanda alikuwa Muha wa Kasulu, na Kiha na Kirundi zinakaribiana kiasi kwamba mnunuzi wa maharage hakuwa na sababu ya kubisha. Hakumwibia mtu kwa uongo huo. Aliuza mzigo wake akarudi nyumbani kabla ya giza.

Kuna sehemu ya utenzi ambayo wanaousifu ujanja wa Odysseus huipita haraka. Amekwisha kufika Ithaca. Ameshinda shindano la upinde, amewaua wanaume waliokuwa wakimposa mkewe Penelope, na Penelope amemtambua. Anakwenda shambani kumwona baba yake, Laertes, mzee aliyevaa viraka, akipalilia chini ya mti. Anachohitaji kusema ni neno moja tu. Badala yake anatunga jina jingine na nchi nyingine, mpaka mzee anajimwagia vumbi kichwani kwa uchungu. Wasomaji huuliza kwa nini. Nadhani ulimi uliozoea kujificha miaka mingi hautambui siku ya kuacha.

Kati ya 2007 na 2008 wakimbizi wa 1972 waliulizwa wachague kurudi Burundi au kuomba uraia. Takribani wanne kati ya kila watano waliomba uraia. Zaidi ya 160,000 walikubaliwa, ila kwa mpango kwamba wayaache makazi na kusambazwa mikoa mingine. Miaka ilipita watu wakiwa hawajui walime au wafunge mizigo. Mpango huo uliachwa, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Mwaka uliofuata nilimsindikiza babu kwenye zahanati. Binti mmoja kwenye foleni alimwamkia na kumuuliza, kwa upole tu, kwao ni wapi. Cheti cha uraia kilikuwa kwenye mfuko wa koti lake. Akajibu: "Kasulu, mjukuu wangu."

Mwaka 1922 James Joyce alimrudisha Odysseus kama Leopold Bloom, mwenye asili ya Kiyahudi, anayezunguka Dublin siku moja ya 1904. Baani anaulizwa taifa lake ni lipi. Anajibu kuwa ni Ireland, kwa sababu amezaliwa pale. Waliomzunguka hawaridhiki. Mtoto aliyezaliwa Katumba, ambaye hajawahi kuiona Burundi, analijua vizuri swali hilo na ile kimya inayofuata jibu.

Laertes naye anadai ushahidi. Odysseus anamwonyesha kovu la ujanani, kisha anahesabu miti ambayo baba yake alimgawia alipokuwa mtoto: mipea 13, mitofaa 10, mitini 40, na safu 50 za mizabibu. Magoti ya mzee yanalegea. Jina lingeweza kuwa la uongo, lakini hakuna mgeni ambaye angeijua hesabu ile.

Babu aliendelea kupanda hata katika miaka ya mizigo. Nyuma ya nyumba yetu Katumba kuna miembe saba, na kila mmoja una mwenyewe. Wangu ni wa tatu kutoka kisimani.