Shaba ya Katanga: Ukumbusho wa Mawe na Ukumbusho wa Maneno

Msafiri aingiaye Lubumbashi, katika Kongo ya kusini, huviona vitu viwili kabla ya vingine: dohani ndefu ya tanuru la kuyeyushia shaba, na kando yake kilima cheusi cha mavi ya shaba. Vitu hivi vimekuwa alama ya mji, na mgeni huvitazama kama atazamavyo ngome ya Mombasa au magofu ya Kilwa. Hata hivyo, kilima hicho si ukumbusho wa kudumu. Tangu mwanzo wa karne hii kimechimbwa upya ili kutolewa kobalti iliyosalia ndani yake. Basi hapana budi kuuliza: ikiwa mawe yenyewe yauzwa, habari za wachimbaji zitahifadhiwa wapi?

Kazi hii ni ya kale kuliko dohani hiyo kwa karne nyingi. Huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, makaburi yaliyofukuliwa kuanzia mwaka wa 1957 yalionekana kuwa na misalaba midogo ya shaba iliyozikwa pamoja na maiti. Katika makaburi ya nyakati za baadaye misalaba hiyo ni midogo zaidi na yalingana kwa kipimo, na wataalamu wengi waiona kuwa ilitumika kama fedha. Mawe ya kijani yaliokotwa na kuchimbwa katika vilima visivyoota miti, kwa kuwa shaba nyingi ardhini huidhuru mimea. Uyeyushaji ulifanywa wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingizwa ghalani. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, moto ukawashwa kwa makaa na kuchochewa kwa mivukuto ya ngozi. Mafundi walikuwa na chama chao na miiko yao, na si kila mtu aliyeruhusiwa kukaribia.

Shaba hiyo ndiyo iliyowavuta Wasumbwa, majirani wa Wanyamwezi, kuvuka Tanganyika. Kalasa, mfanya biashara, alikwenda Katanga kutafuta shaba, na mwanawe, Msiri, akalowea huko katikati ya karne ya 19. Alijenga mji wa Bunkeya, akatawala Wayeke na majirani zao, akauza shaba, pembe na watumwa, akanunua bunduki na baruti kutoka pwani zote mbili. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na watu wa msafara wa Stairs, uliotoka Unguja kwa niaba ya mfalme wa Ubelgiji. Inafaa kukumbuka kwamba hata wapagazi wa msafara ule walitoka pwani ya mashariki. Kiswahili, basi, kilimfikia Msiri kwa mkono wa rafiki na kwa mkono wa adui.

Hapo ndipo wataalamu wa lugha wanapotofautiana. Wako wanaosema kwamba Kiswahili cha Katanga ni mtoto wa njia hizo za biashara. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, aliipinga rai hiyo. Kwa maoni yake lugha hiyo ilikua hasa katika makambi ya migodi. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka wa 1906, reli ya kutoka kusini ikafika Elisabethville mwaka wa 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa hapo mwaka wa 1911. Hapo mwanzo wafanya kazi wengi walitoka nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Baadaye wakaletwa watu wa Kasai na Ruanda-Urundi, ambao Kiswahili hakikuwa lugha yao. Wabelgiji, wakihofia nguvu za Waingereza upande wa kusini, waliona faida ya lugha iliyoelekea mashariki.

Umbo la lugha lenyewe laipa rai hiyo nguvu, ila haliimalizi hoja. Msemaji wa Lubumbashi husema *batoto* pale asemapo Mwunguja *watoto*, na *muntu* badala ya *mtu*. Hizo ni alama za lugha za bara zilizokizunguka Kiswahili na kukifinyanga. Lakini neno *shaba* lenyewe ni la pwani, na neno hilo ndilo lililopewa jimbo zima kuwa jina tangu mwaka wa 1971 hata 1997. Msamiati wa biashara ulitangulia. Jamii ya wasemaji ilizaliwa migodini.

Thamani ya jambo hili yadhihirika katika *Vocabulaire* ya mji wa Elisabethville, iliyotungwa mwaka wa 1965 na André Yav kwa ajili ya watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu, na kutolewa tena na Fabian mwaka wa 1990. Humo habari za mji na migodi zasimuliwa na wale waliotumwa, kwa Kiswahili chao, pasipo kusahihishwa na mwalimu wa sarufi. Askari walipowapiga risasi wagomaji wa Union Minière mwezi wa Desemba 1941, mnara wa dohani ulisimama ukitazama, wala hausemi neno. Lugha yasema. Wale wanaokiita Kiswahili hicho kibovu na kukiacha kisiandikwe waitupa kumbukumbu ambayo haina nakala nyingine. Kilima chaweza kuyeyushwa mara ya pili kikaleta fedha. Wazee wakifa na maneno yao, hakuna tanuru la kuyarudisha.