Chomeko: Ugomvi na Waliotuletea "Kebo Tenganishi"

Orodha ya istilahi za vifaa vya sauti inayopita mkono kwa mkono siku hizi, ikisubiri kibali cha mwisho, inatutaka tuseme "kebo tenganishi". Kinachokusudiwa ni waya wa hedifoni ambao haukulehemiwa ndani ya kikombe cha sikio. Unaingia na kutoka, kwa hiyo ukikatika hununui hedifoni nyingine, unanunua waya. Kitu chenyewe kinajulikana na sitapoteza wino kukieleza. Ninalolipinga ni jina, na waliolitunga siwataji, watajijua.

Tuanze na kosa ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili angesahihishiwa kwa wino mwekundu. Makala elimishi huelimisha. Kipindi burudishi huburudisha. Kiunganishi huunganisha. Kwa sarufi hiyo hiyo, kebo tenganishi ni kebo inayotenganisha vitu viwili, siyo yenyewe inayotoka mahali pake. Mimi ninaandika nikiwa Utende, kisiwani Mafia, mbele yangu ni Ghuba ya Chole, na hapa kitu tenganishi ni maji: yanatutenganisha na Chole, na Juani iliyo nyuma yake, na Jibondo kule kusini. Hakuna aliyewahi kuyaita kebo.

Mjumbe mmoja wa kamati iliyolitunga alipobanwa alirekebisha: basi iwe "kebo inayoweza kutenganishwa". Hiyo si istilahi, ni sentensi iliyokatwa mkia. Jaribu kuiandika kwenye kibao cha fundi simu uone kama itabaki nafasi ya namba ya simu.

Lakini hata tungeirekebisha sarufi, mzizi wenyewe ni mgeni kwa kazi hii. Tenga ni kuweka kando, kuweka mbali: tunatenga fedha za ada, tunatenga chumba cha mgeni, ndugu waliogombana hutengana. Ngalawa za ghuba hii zina matengo, zile mbao za ubavuni zinazozuia chombo kisipinduke. Mimi naisikia tenga ndani ya jina hilo, na mwanaisimu atakayenibishia aje tulijadili juu ya maji. Tengo limewekwa mbali na mwili wa ngalawa, ila limefungwa barabara, na hakuna mwenye akili timamu anayelifungua akiwa katikati ya Mlango wa Kinasi. Limetengwa, lakini halitoki. Tenga basi inasema umbali. Waya wa hedifoni hatuuulizi uko mbali kiasi gani na kikombe. Tunauliza unatoka au hautoki.

Sasa tazama kana, ule mkono wa usukani anaoushika nahodha. Kana huchomekwa kwenye kichwa cha usukani. Chombo kikipumzishwa ufukweni, huchomolewa na kulazwa ndani, au nahodha asiyeamini watoto wa jirani huondoka nayo. Kesho huchomekwa tena. Haikuvunjika, haikukatwa, wala usukani haukupungua kitu. Kama kuna mtu anataka kitenzi cha Kiswahili kinachoeleza sehemu inayotoka nzima na kurudi nzima, kipo pwani tangu kabla ya umeme, na orodha ile imekiruka.

Chomeka na chomoa ni watoto wa mama mmoja, choma, kwa maana yake ya kupenya kwa kitu chenye ncha: mwiba huchoma, sindano huchoma. Frederick Johnson aliandika maneno haya katika kamusi yake ya 1939, na hakuyatunga yeye, aliyakuta. Katika chomeka, kile kipande -ek- si cha kutendeka. Ni ndugu wa -ik- ya bandika, pachika, angika na tandika, vitenzi vya kuweka kitu mahali kikakaa. Na vitenzi vya ukoo huu vina tabia moja njema ambayo lugha nyingi zingeitamani: kila kimoja huja na kinyume chake mfukoni. Bandika, bandua. Pachika, pachua. Tandika, tandua. Chomeka, chomoa. Wanasarufi wanaiita kauli ya kutendua, E. O. Ashton aliieleza vizuri katika sarufi yake ya 1944, na sidhani wajumbe wetu wameifungua karibuni. Maana yake kwa istilahi ni kubwa. Ukishasema kitu kimechomekwa, umekwisha kusema kwamba kitachomoleka. Huhitaji kuongeza "kinachoweza". Uwezo umo ndani ya kitenzi.

Kutokana na chomeka napendekeza, kama nilivyopendekeza kwa barua miaka kadhaa iliyopita, nomino chomeko, wingi machomeko: kile kifaa kilichokazwa kwenye kikombe cha hedifoni ambamo waya huingia. Waya wake ni waya wa chomeko. Ule wa zamani usiotoka ni waya wa kulehemu. Muundo wa nomino si wa kubuni. Shikiza ilizaa shikizo, egemea ikazaa egemeo, na egesha ikazaa maegesho, neno lililochekwa lilipokuja na ambalo leo limeandikwa kwenye mabango ya miji yetu yote. Barua yangu ilijibiwa kwamba pendekezo limepokelewa. Orodha ilipotoka, ndiyo nikaiona hiyo tenganishi.

Kuna mwenzetu mwingine, mtu wa makongamano, aliyekubali mzizi wangu kisha akauharibu. Yeye anataka "waya chomozi". Chomozi, kwa sikio la yeyote aliyelelewa na Kiswahili, inatoka kwenye chomoza, na linalochomoza ni jua. Nitakubali waya chomozi siku waya utakapotokea mashariki.

Pingamizi mbili zinastahili jibu. Ya kwanza inasema maneno haya ni ya mtaani: timu huchomoa bao dakika za mwisho, na kijana akiombwa mkopo na rafiki yake huchomoa, yaani hukataa. Ni kweli, na ndiyo dalili ya neno lililo hai. Mbona hatukuitupa funga kwa sababu mshambuliaji hufunga? Shule zetu huwaamuru wanafunzi wachomekee mashati, na hakuna mwalimu mkuu aliyeomba kitenzi rasmi zaidi.

Ya pili ina uzito zaidi. Choma ni pia kuunguza, na nyama iliyokaa juu ya jiko ikaiva imechomeka. Je, mtu akisikia "waya umechomeka" hatadhani umeungua? Anaweza. Ila hatari hiyo iko kwenye kitenzi, haiko kwenye nomino. Hakuna anayeliita jiko chomeko. Na nikiri kwamba katika karakana sadfa hii inanifurahisha, kwa sababu fundi akikawiza chuma cha moto kwenye kiungo, waya utachomeka kwa maana zote mbili.

Wapo watakaosema tuache yote haya tuseme "jeki", kama Waingereza. Jeki ninaijua; iko kwenye buti la gari na kazi yake ni kuinua gurudumu. Waliotuletea hilo la sauti wangeulizwa limetoka wapi, wangenyamaza, kwa hiyo nitawasaidia. Mwishoni mwa miaka ya 1870, simu zilipoanza kuunganishwa na waendeshaji waliokaa mbele ya ubao, Charles Scribner wa Chicago alibuni swichi ambayo mafundi waliona inafanana na kisu cha kukunja. Kwa Kiingereza kisu hicho kilibeba jina la mtu, Jack, na swichi ikarithi jina la kisu. Kisu kilisahauliwa, jina likabaki kwenye tundu. Pini ya ubao ule, yenye unene wa milimita 6.35, ingali inatumika kwenye magitaa, na mdogo wake wa milimita 3.5 ndiye aliyeenea dunia nzima na redio ndogo, kisha na Walkman ya Sony mwaka 1979, hadi simu zilipoanza kumfukuza. iPhone ya 2016 ilimfungia mlango. Hivyo ndivyo neno lao lilivyozaliwa: mafundi walitazama kitu wakataja kilichofanana nacho. Hapakuwa na kikao wala posho.

Kamati zenyewe si lazima zikosee. Eneo hili lilipotangazwa mwaka 1995, chini ya sheria ya 1994, kuwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, wavuvi walibishana na masharti, lakini na jina hawakubishana. Maneno mawili ya kawaida yamekaa pamoja, na mvuvi akiwa na haraka husema "hifadhi" tu. Neno likikubali kufupishwa na mtu mwenye haraka, limefaulu.

Nilikwenda kwa fundi mmoja wa Kilindoni, hapa hapa Mafia, nikiwa na hedifoni ambayo waya wake ulikuwa umekatika pale unapoingia kwenye kikombe. Hewa ya chumvi haina huruma na shaba: alipomenya plastiki, nyuzi zilikuwa zimegeuka kijani kwa kutu, akakata kipande baada ya kipande mpaka akaikuta iliyo nyekundu. Nyuzi hizo zimepakwa rangi nyembamba ya kuzuia umeme, na risasi haishiki juu yake. Alizipitisha kwenye moto wa kiberiti cha gesi, zikatoa harufu kali, akazifuta kwa kidole gumba kabla hazijapoa. Kisha akachukua keekee ndogo ya mkono, akatoboa kikombe, akapuliza unga wa plastiki. Nilimwuliza kazi hii anaiitaje. "Kuweka waya wa kuchomoa," akasema, bila kunyanyua kichwa. Halafu akanyoosha mkono kwa kijana wake: "Tundu nimeshatoboa, sasa nipe tundu lenyewe."

Nilitamani wajumbe wote wawe wamekaa pale kwenye benchi. Fundi ana matundu mawili na neno moja. La kwanza ni uwazi aliotoboa. La pili ni kifaa cha chuma anachokikaza ndani ya uwazi huo kwa nati yake. Neno "lenyewe" linabeba mzigo wa istilahi isiyokuwepo. Kitenzi anacho na ni kile kile changu. Anachokosa ni nomino, na hapo chomeko inaingia bila kusukumwa. Nilimwambia. Alinitazama, akasema "sawa mwalimu", na akaendelea kuita tundu. Sikati tamaa. Kijana wake alicheka, na aliyecheka amesikia.

Yupo atakayeuliza kwa nini nisiridhike na "waya wa kuchomoa" ya fundi. Nimeridhika nayo sokoni. Kwenye kamusi ina upungufu mmoja: inautaja waya siku ya kutoka tu, na waya mzuri, maisha yake mengi, umekaa ndani.

Nafasi iliyobaki ni ndogo, kwa hiyo namna ya kuliweka chomeko nitaisema kwa haraka. Hedifoni ambayo waya wake unaingilia upande mmoja, mara nyingi wa kushoto, ndiyo rahisi. Fungua kikombe, fungua fundo lililozuia waya usivutike, na uandike rangi kabla hujayeyusha chochote. Kwa kawaida nyekundu ni ya kulia, kijani au buluu ni ya kushoto, na shaba tupu ni ya pamoja, ila watengenezaji wengine hawafuati. Toboa mahali ambapo hapana spika nyuma yake. Kwenye chomeko, mguu unaogusa ncha ya pini hupewa kushoto, wa pete kulia, wa shina ule wa pamoja. Usikawize moto. Ukiweka chomeko la sehemu tatu kwenye hedifoni yenye maiki, maiki hiyo haitafanya kazi, kwa hiyo nunua la sehemu nne. Na ununuapo waya mpya angalia unene wa kishikio cha pini, maana vingi ni vinene na havitaingia mpaka mwisho kwenye kikombe chenye ukuta mnene. Utasikia kwa sikio moja tu na utamlaumu fundi.